Msituuzie Miche ya Stevia

Hoja inayotamba siku hizi barazani, kwenye makundi ya simu na katika semina za kilimo biashara ni hii: sukari imepanda bei, watu wanaugua kisukari, vijana hawana kazi, na jawabu la yote matatu ni stevia. Panda kwenye magunia juu ya nyumba, panda uani, vuna baada ya miezi mitatu, kausha, uza. Kilo moja ya majani makavu, tunaambiwa, ina utamu wa kilo 20 za sukari. Mwaka 2023, kilo ya sukari ilipopita shilingi 200 madukani, hesabu hiyo ilipata wasikilizaji wengi hapa Mvita, kisiwani Mombasa, na mpaka leo haijawakosa.

Naipinga. Siupingi mmea, maana mmea hauna kosa. Ninachopinga ni biashara wanayouziwa watu wa kisiwa hiki kwa jina la mmea huo, na hasa ile dhana kwamba zao likiwa tamu na adimu, basi anayelilima hana budi kutajirika.

Nianze na hizo kilo 20, kwa sababu ndizo ndoana. Hesabu yenyewe si ya uongo. Jani kavu la stevia lina vitu vitamu kwa kiasi cha karibu asilimia kumi ya uzito wake, na vitu hivyo vikishatengwa huwa vitamu kuliko sukari mara 200 na zaidi. Zidisha, utazipata kilo 20. Ila utamu huo bado umo ndani ya jani, pamoja na uchungu, rangi ya kijani na vumbi. Kuutoa kunahitaji maji ya moto kwa wingi, machujio, matangi ya kunasa utamu, kisha spiriti ya kuusafisha hadi ubaki unga mweupe. Hicho ni kiwanda cha mamilioni ya dola, na anayekimiliki ndiye mwenye zile kilo 20. Mkulima wa muwa wa Mumias hakuwahi hata siku moja kulipwa muwa wake kwa bei ya sukari ya dukani. Kwa nini wa stevia alipwe jani kwa bei ya unga?

Na soko hilo kubwa la dunia tunalotajiwa, la soda na maziwa ya mtindi na peremende, halinunui majani. Mwaka 2008 kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka kiwango cha miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukafungua mlango. Walichoidhinisha ni utamu uliosafishwa kwa asilimia 95 au zaidi. Marekani mamlaka ya chakula haijalikubali jani zima kama kitu cha kutia utamu katika vyakula, na Ulaya jani limepenyezwa kwenye chai za mitishamba tu. Kijana wa Kibokoni aliyeanika majani yake juu ya mkeka hana wa kumwuzia huko, hata angekuwa na gunia mia.

Watu watanikumbusha Kericho, na wana haki. Kampuni ya PureCircle ya Malaysia ililileta zao hili kwa wakulima wadogo wa Kericho na maeneo ya jirani, na wapo waliopata pesa, wakaikata stevia mara kadhaa kwa mwaka na kulipia karo za watoto. Siwakatalii. Lakini tazama walichokuwa nacho. Walikuwa na mvua karibu mwaka mzima. Walikuwa na mashamba. Juu ya yote walikuwa na mnunuzi aliyewajia na miche yake, aina aliyoichagua yeye, na maofisa wake wa shambani. Majani yalikaushwa huku, yakasafirishwa kwenda kuchujwa ng'ambo. Mnunuzi huyo akiwepo, zao lipo. Akiyumba je? Mwishoni mwa 2019 hisa za PureCircle kwenye soko la London zilisimamishwa kwa sababu ya utata wa mahesabu ya bidhaa ilizokuwa nazo ghalani, na mwaka 2020 kampuni ya Ingredion ya Marekani ikachukua sehemu kubwa ya umiliki wake. Hayo yaliamuliwa London na Chicago. Hakuna mkulima wa Bonde la Ufa aliyeulizwa.

Kuna jingine ambalo wauza miche hawalitaji kabisa, labda kwa kutolijua. Novemba 2019, Cargill na DSM walifungua kiwanda mjini Blair, Nebraska, kinachotengeneza utamu huu bila jani hata moja. Wanalisha hamira iliyobadilishwa vinasaba sukari ya mahindi, nayo inaichachusha na kutoa ule utamu bora kabisa wa stevia, aina ambayo kwenye jani lenyewe imo kwa kiasi kidogo mno. Wakati sisi tunahimizwa kupanda, wenye soko wanajifunza namna ya kutoyahitaji majani yetu. Na Waguarani wa Paraguay, waliotia jani hili kwenye vinywaji vyao karne nyingi kabla ya mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni kuliandika kwa jina la kisayansi mwaka 1899? Mabilioni ya biashara hii yamewapita kando. Kama waliolijua jani hili kabla ya ulimwengu wote hawakutajirika nalo, sisi tunaolipanda kwenye gunia la simiti tuna ahadi gani?

Sasa turudi kisiwani, maana hapa ndipo hoja ya wenzetu inapovunjika vipande.

Stevia ni mmea unaosoma urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, zaidi ya saa 13 hivi, unaendelea kutoa majani. Mchana ukifupika, unaacha majani na kukimbilia kutoa maua, na ua likishachanua utamu katika majani hupungua. Ndiyo maana mvunaji hodari hukata mara tu vitumba vya kwanza vinapoonekana, wala hangoji ua. Kwao Paraguay, karibu nyuzi 23 kusini mwa ikweta, kiangazi huwa na mchana mrefu wa kutosha kuupa mmea miezi ya kunenepa. Mombasa iko nyuzi 4. Mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Disemba, haufiki saa 12 na nusu. Mche unaoupanda Makadara huona kila siku kwamba mchana ni mfupi, basi hutoa ua ungali mfupi na mwembamba, majani ya kuhesabika. Kericho iko karibu zaidi na ikweta, utasema. Ndiyo, na ndiyo sababu aina ya mche ni siri ya biashara: aina zilizochaguliwa kwa mchana wa ikweta ni za kampuni. Mche unaouziwa wewe kando ya barabara umetoka wapi? Mbegu za stevia nyingi hazioti, na zinazoota hutoa mimea isiyofanana, mmoja mtamu na mwenzake mchungu. Mkulima wa kweli hutumia vipandikizi vya mmea mama unaojulikana. Muulize muuzaji mmea mama wake ni upi, kisha uangalie uso wake.

Halafu maji. Mizizi ya stevia ni mifupi, haivumilii kiu, na wakati huohuo haitaki maji yatuame. Chumvi nyingi nayo haiivumilii. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vya Mji wa Kale, hata vile vya misikitini ambavyo vimehudumia wudhu kwa vizazi, vina maji ya chumvichumvi. Maji matamu tunayapata kutoka mbali, Mzima na Baricho, na kila mkaazi wa hapa anajua ni siku ngapi kwa wiki mfereji unatoa. Tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua paa la mita 10 kwa 10. Kwa jua letu, bustani ya kiasi hicho hunywa lita 400 hadi 500 kwa siku. Hiyo ni mitungi 20 hadi 25 ya lita 20. Kila siku. Mwulize mwenye mkokoteni wa maji bei yake, kisha umwongeze kijana wa kuipandisha ngazi za nyumba ya Ndia Kuu, ngazi zile nyembamba zenye giza, mtungi kwa mtungi.

Udongo nao una uzito. Ukitandika kina cha sentimita 20 tu juu ya paa hilo, umepandisha mita 20 za ujazo, na ukishanywa maji ni takriban tani 30. Nyumba za Mji wa Kale zenye paa bapa zinabebwa na boriti za mikoko zilizolazwa na mafundi ambao wajukuu zao ni wazee leo. Zilipimwa kubeba watu wanaopunga upepo jioni na nguo za kuanika. Nyumba nyingine nyingi paa ni mabati. Tumekwisha kuzika watu katika mji huu kwa nyumba zilizoporomoka, na mtu anasimama kwenye semina na picha za rangi akisema dari ni shamba!

Tuseme basi maji yapo, paa ni la zege jipya, na mche ni wa aina nzuri. Paa hilo litachukua miche kama 900. Tuseme mche ni shilingi 20. Hizo ni 18,000 mkononi mwa muuzaji kabla hujanunua hata gunia moja la udongo. Wakulima wazuri wanapata tani mbili hadi tatu za majani makavu kwa hekta kwa mwaka. Kwa paa lako hizo ni kilo 20 hadi 30. Kwa mwaka mzima! Kiwanda hakimtumi mtu kufuata kilo 30. Hata ploti ya 50 kwa 100, ambayo hapa kisiwani mwenye nayo angejenga ghorofa kesho asubuhi, haitoi magunia ya kutosha kujaza pikapu.

Kwenye kuvuna na kukausha ndipo kasoro nyingine inapojitokeza, na hii inaonekana kwa macho. Shina hukatwa asubuhi, likaachwa kisiki cha vidole vinne au vitano kichipue tena. Kuanzia hapo saa zinahesabika. Kilo nne au tano za majani mabichi zinabaki kilo moja zikikauka, na zinatakiwa zikauke ndani ya siku moja au mbili, zikiwa zimetandazwa nyembamba, zikigeuzwa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mambo ni mazuri: jani linalia kama karatasi ukiliponda kiganjani, rangi yake kijani. Lakini masika yakiingia, Aprili na Mei, jani linaanza kupiga weusi kwenye kingo siku ya pili, siku ya tatu linanuka uvundo, na hapo hata mbuzi wa jirani analinusa akapita. Hata lililokauka vyema, ukiliacha ndani ya mfuko wa karatasi, hewa ya bahari inalirudishia unyevu. Anayeuza biskuti za kupima pale Marikiti anaijua habari hii, ndiyo maana kopo lake lina kifuniko cha kubana. Kukausha kwa mashine kunawezekana. Umeme ni wako kulipa.

Wale wanaokubali yote hayo hukimbilia hoja ya mwisho: basi tusiuze nje, tutumie wenyewe, mji huu unapenda vitamu mno. Kwamba mji unapenda vitamu, sina ubishi. Lakini aliyesema stevia itachukua nafasi ya sukari katika vitamu vya Mombasa hajawahi kusimama jikoni penye halwa. Sukari inaingia kwenye sufuria ile pana kwa kilo, siyo kwa vijiko. Inachemka na maji mpaka iwe shira, wanga uliokorogwa unamiminwa, samli inafuata kidogo kidogo, na mwiko haupumziki saa nzima na zaidi, mpaka donge linaanza kuachana na sufuria na kung'aa. Iliki na lozi mwisho. Sukari ndiyo inayoipa halwa uzito, mng'ao na mvutano, na ndiyo inayoifanya ikae siku nyingi bila friji. Toa kilo tano za sukari, tia gramu 25 za unga wa stevia: ulichobaki nacho ni uji wa wanga wenye samli. Kaimati bila shira itang'aa na nini? Mabuyu yatashikwa na nini? Ndiyo maana pakiti nyingi za stevia zinazouzwa supamaketi zimejazwa erithritoli au dekstrosi, ili zipate mwili. Unalipia jina, unakula kijazio.

Kwenye chai jani linafaa kidogo zaidi. Kidogo. Likichemshwa na maziwa muda mrefu, kama tunavyochemsha sisi, linatoa uchungu wa mwisho unaong'ang'ania ulimini. Litumbukize dakika chache baada ya kuepua, utalivumilia.

Afya ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa hapa watu wanauziwa hofu yao. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: watu wasitegemee vitu vya kutia utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo kwa jina, kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa kama kisukari na ya moyo. Shirika liliuita mwongozo wa masharti, na halikuwajumuisha wagonjwa ambao tayari wana kisukari. Hao wana mashauri yao na daktari. Kwa mgonjwa, kikombe kilichotiwa stevia badala ya vijiko vitatu vya sukari kinaweza kumpunguzia mzigo, hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini jani halitibu. Mtu anayemwambia mama mwenye sukari ya 18 kwamba chai ya majani haya itaishusha, na mama akaacha vidonge vyake, amefanya jambo baya, hata kama alimwuzia kwa shilingi 50 tu.

Na kwa hao wengine wasiougua, mji huu ulikuwa na jawabu kabla semina hazijabuniwa. Muuza kahawa anayepita na buli lake la shaba na makaa chini yake anauza kahawa chungu. Utamu unakaa pembeni: tende moja, kipande cha kashata, kidonge cha halwa. Mdomo unaonja utamu mara moja, kikombe kizima kinabaki bila sukari. Tuliacha desturi hiyo wenyewe, tukahamia kwenye chai ya vijiko vinne na soda kila mlo, na sasa tunatafuta jani la Paraguay lituokoe.

Nasikia pia maneno kwamba heri kijana alime chochote kuliko kukaa maskani. Hapana. Kijana mwenye shilingi elfu thelathini za mkopo wa kikundi ana nafasi moja, pengine hiyo tu kwa miaka mitano. Akiipoteza kwenye miche, anabaki maskani akiwa na deni. Tulishaona mwaka 2013 na 2014 jinsi kware walivyoitikisa Kenya. Mayai yalisemwa yanatibu kila kitu, watu wakauza ng'ombe wanunue vindege, na bei ilipoanguka waliocheka ni wale waliouza vindege mapema. Dalili zilikuwa hizihizi: bidhaa inayotibu, bidhaa ya utajiri, na muuzaji ambaye pesa yake inatoka kwa mkulima badala ya mlaji. Chema chajiuza. Kama stevia ya Mombasa ingekuwa na soko, wanunuzi wangekuwa wanabisha hodi Majengo na Kuze wakitafuta majani. Wanaobisha hodi ni wauza miche.

Mvita haukuishi kwa kulima ndani ya kisiwa. Mashamba ya wazee wetu yalikuwa ng'ambo, Kisauni na Likoni, na riziki ya mji ilitoka kwenye kununua, kupanga, kuchanganya na kuuza. Karafuu zilizopita hapa hazikumea hapa, wala iliki inayonukia Marikiti. Anayetaka kweli kufanya biashara ya stevia ana njia hiyo: anunue majani makavu ya bara kwa kilo chache, ayachanganye na tangawizi, mchaichai na iliki, ayapakie vizuri kwa alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, awauzie wageni wa Fort Jesus na wenyeji wanaotaka. Faida haitakuwa kubwa. Lakini hasara yake itakuwa ya kilo chache, na hakuna boriti itakayovunjika. Anayetaka mmea wenyewe aweke vyungu viwili dirishani, avimwagie maji ya mfereji, akate kabla ya ua. Utamtosha nyumbani.

Kwa vikundi vya akina mama na vijana mtakaoletewa miche hii, ombi langu ni moja. Kabla hamjafungua mfuko, mwambieni muuzaji awaonyeshe mkataba wa kununua majani, uliotiwa sahihi na kampuni inayojulikana, wenye bei ya kilo, unyevu unaokubalika, nani atakayepima na nani atakayebeba hasara jani likikataliwa. Akiuleta, usomeni pamoja na wakili. Akianza kuwaeleza habari za kilo 20 za sukari, msimpe hata shilingi.